Muda wa Kuua: Maneno ya Gia katika Karakana ya Bugarama

Pikipiki ni miongoni mwa vyombo vichache vilivyojipatia jina katika lugha yetu kwa mlio wao wenyewe. Waliolisikia dude hilo likipita njiani hawakungoja kuambiwa jina lake na waliolileta. Walilitaja kama masikio yao yalivyolipokea, na jina likakaa. Lakini mtu apigapo magoti kando ya chombo hicho na kuanza kukifungua, ukarimu huo wa lugha hukoma. Ndani mna gia, klachi, plagi, koili, cheni, breki na nozeli, maneno ya kuazimwa yote, nayo yametumika miaka mingi hata hakuna fundi ayaonaye kuwa mageni. Sisi hatuna ugomvi na maneno hayo. Walimu wenzetu wanaoona haya kuyaandika ubaoni wanawanyima wanafunzi wao sehemu ya lugha inayofanya kazi kutwa kucha, ikiwa na mafuta mikononi.

Huku kwetu Bugarama, wilayani Rusizi, maneno ya ufundi yaliingia kwa milango miwili. Kwa mlango wa mashariki, pamoja na madereva wa malori kutoka Tanzania na Kenya, yaliingia gia, klachi, breki na injini. Kwa mlango wa Kifaransa, unaozihusu Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja, yaliingia vitesi, ambureyaje, feri na moteri. Fundi mmoja, katika saa moja, humwambia mteja wa kwanza "tia vitesi ya pili" na wa pili "ingiza gia namba mbili," wala hasiti hata kidogo. Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, ilipatikana mwaka 2017. Soko la Bugarama halikuingoja. Hapa ni tambarare, mahali pa chini kabisa pa nchi hii ya milima, ambapo mto Rusizi unapita kiasi cha meta 950 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo moja ni Kamanyola ya Kongo, upande mwingine ni Ruhwa na Burundi. Mpunga umeizunguka barabara, na malori ya saruji kutoka kiwanda cha CIMERWA, kilichoanza mwaka 1984, huipita barabara hiyohiyo yakielekea Kamembe. Mahali pa namna hii lugha ya kuelewana hupatikana kwa haja, kama maji.

Tumeyatanguliza haya kwa sababu jambo tunalotaka kulisimulia lilianza kama swali la lugha, ingawa aliyelileta hakujua hivyo.

Alikuwa fundi wa pikipiki, kijana tuliyemfundisha Kiswahili miaka iliyopita. Karakana yake haina ukuta zaidi ya mmoja. Kazi yake ya kila siku ni pikipiki za wamotari: kubadili cheni, kuziba pancha, kukaza breki, kusafisha plagi. Siku hiyo alitujia na simu mkononi.

"Mwalimu," alisema, "shikamoo. Naomba unisaidie kusoma. Simu hii inaniambia nipange muda wa kuua. Mimi sitaki kuua mtu."

Tulicheka wote wawili, kisha tukaacha kucheka, kwa maana aliyokuwa akiisoma ilikuwa karatasi ya maelekezo ya kifaa cha kufungwa kwenye pikipiki ya mashindano, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mtu tunayemfahamu.

Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele na saruji, mzee mwenye heshima zake. Ndugu yake aliyeko Ubelgiji alimpelekea Suzuki GSX-R600 ya mwaka 2008, chombo cha gia sita, chenye nguvu ambazo barabara zetu hazina pa kuziweka. Miaka kadhaa baadaye mzee alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto akishusha mifuko ya saruji, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo mkono huo hunywea upesi. Na mkono wa kushoto, kama wasomaji wajuavyo, ndio wa klachi. Mzee alikuwa amesikia kwamba kuna kidude kiwezeshacho mtu kubadili gia bila kushika klachi, na muuzaji mmoja wa ng'ambo, ambaye hatuna haja ya kumtaja, alimwandikia kuwa akikifunga hatagusa klachi tena maishani. Alimwita fundi wetu akachague kinachofaa katika vitatu alivyoonyeshwa kwa picha.

Basi tuliketi. Yatupasa kwanza tueleze kidude hicho hufanya nini, kwa kuwa jina lake la Kiingereza lapotosha: ladai kwamba kinabadili gia upesi, na hilo sicho kinachofanyika.

Watu wengi hudhani kuwa ndani ya giaboksi magurudumu ya meno hukutana na kuachana kila gia inapobadilishwa. Katika pikipiki sivyo. Magurudumu hayo yameshikana daima, jozi kwa jozi, yakizunguka pamoja. Baadhi yake huzunguka bure juu ya ekseli bila kuivuta. Mengine yana vigingi vifupi ubavuni, nayo huteleza kando kidogo ili vigingi viingie katika matundu ya gurudumu jirani. Hapo ndipo jirani naye hushikwa na kuanza kufanya kazi. Kubadili gia ni kuvitoa vigingi hapa na kuvitia pale. Shida ni kwamba injini inapovuta kwa nguvu, vigingi hubanwa na ukingo wa matundu, havitoki. Kila aliyewahi kufungua komeo la mlango unaosukumwa na mtu kwa nje anaijua hali hiyo: komeo haliteleki mpaka mlango urudishwe nyuma unywele mmoja. Klachi hufanya kazi ya kumwondoa yule anayesukuma. Lakini si lazima aondolewe; yatosha anyamaze kidogo. Kidude tunachokizungumzia humnyamazisha. Kina kihisi kinachowekwa kwenye fimbo inayounganisha kikanyagio cha gia na giaboksi. Mguu unapobonyeza, kihisi hutambua nguvu, hupeleka habari kwenye kisanduku cha umeme, na kisanduku hukata moto wa plagi au mafuta ya nozeli kwa kitambo kidogo. Vigingi hulegea, gia huingia, moto hurudi. Mwendeshaji hakuachia mafuta wala hakushika klachi.

Kitambo hicho ndicho kilichoitwa na simu "muda wa kuua." Mafundi wa Kiingereza husema wameiua injini pale ambapo sisi husema wameizima, na mashine ya kufasiri haikuwa na njia ya kujua kwamba Mswahili haui injini. Tulimwandikia fundi katika daftari: muda wa kukata. Kwa kawaida ni kati ya sehemu 50 na 80 za elfu moja ya sekunde. Sisi tuna msemo wa "kufumba na kufumbua" tukitaka kueleza jambo la haraka kupita yote. Kumbe jicho hutumia zaidi ya sehemu mia moja kama hizo kupepesa mara moja, kwa hiyo kwa kazi hii msemo wetu ni mzee wa kutembea na mkongojo.

Wazo la kubadili gia bila klachi si geni kama vijana wadhanivyo. Wengi wetu tulianza safari za kikazi juu ya Honda ndogo zile, Super Cub, zilizoanza kuundwa Japani mwaka 1958, ambazo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hazikuwa na mkono wa klachi kamwe. Klachi yao ilijifungua yenyewe, na bwana shamba aliweza kubadili gia huku mkono wa kushoto umeshika kuku. Yasimuliwa kwamba Soichiro Honda alitaka mpeleka vyakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja. Tofauti ni kwamba chombo kile kilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo, na kidude hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayeshindana na saa. Kilianzia katika viwanja vya mbio. BMW wakakitia katika pikipiki ya kuuzwa kwa umma, HP2 Sport, mwaka 2008, na kufikia 2015 S1000RR yao iliweza kupandisha na kushusha gia kwa njia hiyo. Mzee wetu hakuwa na saa ya kushindana nayo. Alikuwa na mkono unaouma.

Katika vitatu vile, cha kwanza kilikuwa swichi tu: mguu ukigusa, injini hukatwa, muda uleule kwa gia zote. Ni rahisi, na kwa bei kilikuwa rafiki. Fundi alikikataa baada ya kusoma mstari mmoja. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, hatua ni ndefu na injini yahitaji kupungua mzunguko sana. Kutoka ya tano kwenda ya sita hatua ni fupi. Muda mmoja kwa hatua zote ni kama kuwashonea watoto sita wa nyumba moja kanzu za kimo kimoja. Cha pili kilipima nguvu ya mguu, na muda wake uliweza kupangwa gia kwa gia. Cha tatu ndicho alichokisifu muuzaji: kilipandisha na kushusha gia.

Hapa ndipo ukweli ulipokuwa mchungu. Kushusha gia bila klachi kwadai kinyume cha kukata: injini lazima ipewe mafuta kidogo, izunguke upesi zaidi, ilingane na gia ya chini kabla vigingi havijaingia. Katika pikipiki mpya nyingi za namna hii jambo hilo ni jepesi, kwa sababu milango ya hewa hufunguliwa na mota ndogo inayoamriwa na kompyuta. Katika ile Suzuki, milango hiyo huvutwa kwa kebo kutoka mkono wa kulia wa mwendeshaji. Kompyuta haina mkono wa kuivuta. Kifaa cha tatu kingefungwa, kingelipiwa, na nusu yake ingekaa bure.

Tulimwendea mzee pamoja. Fundi, ambaye angeweza kunyamaza na kupokea pesa, alimweleza yote hayo. Alisema kidude kitasaidia wakati wa kupanda gia, lakini kuondoka, kusimama na kushuka gia vyote vitabaki mikononi mwa klachi. Tena tambarare haitakuwa na taabu. Taabu itakuwa katika milima ya kwenda Kamembe, nyuma ya malori ya saruji, ambako mtu hushusha gia kila kona.

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Basi mkono wangu mmeuhukumu."

"Hapana, mzee wangu," fundi alijibu. "Mkono sijauhukumu. Klachi yenyewe sijaifungua bado. Nipe siku moja."

Akasema mzee, kwa sauti ya chini, kwamba akiiuza ile hatanunua nyingine, wala hataendesha nyingine. Sisi tulielewa. Kuna watu ambao pikipiki kwao ni njia ya kwenda sokoni, na kuna wengine ambao ndiyo saa yao peke yao ya kuwa vijana. Hatuwacheki.

Fundi aliifungua kebo ya klachi. Nyuzi zake za ndani zilikuwa zimeshika kutu, mbili zimekatika, na mtu fulani aliyeipitisha zamani aliikunja vibaya chini ya shingo ya usukani hata ikawa inajisugua kila ivutwapo. Mzee alikuwa akipigana na kutu miaka yote hiyo, akidhani anapigana na mfupa wake. Kebo mpya ilitiwa, ikapakwa mafuta, ikapitishwa kwa upana. Mzee alipovuta mkono wa klachi kwa vidole viwili, alituangalia sisi badala ya kumwangalia fundi, kana kwamba tulikuwa tumemficha jambo.

Kwa maoni yetu angeweza kuishia hapo. Yeye hakutaka. Alisema vidole viwili kwa kushuka ni sawa, lakini kama kupanda kwaweza kuwa bila kidole chochote, kwa nini asipumzike? Kifaa cha pili kikaagizwa.

Kilipofika, swali jipya lilizuka, nalo ndilo tunalolipendekeza kwa walimu, maana hatujapata kuona zoezi bora la vitenzi. Kijitabu kilitaka fundi achague: je, gia ya juu hupatikana kwa kusukuma au kwa kuvuta? Fundi akajibu bila kufikiri, "Kwa kukanyaga." Na kwa pikipiki alizozoea kwa miaka, alikuwa sahihi. Katika Honda zile ndogo, na katika baadhi ya pikipiki za kazi, gia hupanda kwa kukanyaga upande wa mbele wa kikanyagio. Katika Suzuki ile, ya kwanza huingizwa kwa kukanyaga na tano zilizobaki kwa kuinua kwa kidole gumba cha mguu. Katika pikipiki za mbio huenda mpango ukageuzwa makusudi, kukanyaga kukawa ndiko kupanda. Kwa hiyo tunaposema "pandisha gia," tunasema habari za namba tu. Hatujasema lolote juu ya mguu. Na tukisema habari za mguu, bado hatujasema habari za fimbo, kwa maana mguu unaoinua waweza kuisukuma fimbo au kuivuta, kutegemea fimbo imeungwa mbele au nyuma ya pini ya kikanyagio.

Jedwali la kijitabu lilikuwa na jibu kwa kila aina ya pikipiki. Lakini mwenye kwanza wa Suzuki ile, huko Ulaya, alikuwa amebadili vikanyagio na kuweka vya kimashindano, na mpango wa fimbo haukufanana na picha. Jedwali halikufaa kitu. Tuliandika daftarini maneno matatu mbalimbali: kupandisha, la gia, kuinua, la mguu, kusukuma, la fimbo. Kisha fundi akalala chini ubavu, sisi tukainua kikanyagio kwa mkono, naye akatazama. Fimbo ilisukumwa. Akaandika. Tukarudia, akatazama tena.

Pengine msomaji atasema tulikuwa tukichezea maneno. Laiti kingepangwa kinyume, injini isingekatika mzee anapopanda gia, na vigingi vingesagana vikilazimishwa. Tena ingekatika pale anaposhusha gia kuikabili kona ya mlima, wakati anapoitegemea injini imzuie. Kwa mtu mwenye mkono mmoja na nusu, kona yenye lori mbele yake, hilo si swali la sarufi.

Kazi ya kufunga yenyewe haikuwa ndefu. Fundi alitoa kwanza waya hasi wa betri. Akaipima fimbo ya gia kutoka pini hadi pini kabla ya kuilegeza, akaandika kipimo, kwa sababu kihisi kina urefu wake na fimbo lazima ifupishwe kwa kadiri hiyohiyo. Tofauti ndogo tu huinua au hushusha kikanyagio, na mguu huikosa gia. Nati moja ilimkatalia. Aliing'ang'ania kwa spana mpaka alipokumbuka kuwa fimbo hizi huwa na hesi ya kushoto upande mmoja, ili ikizungushwa irefuke au ifupike bila kufunguliwa. Waya wa kihisi aliuachia ulegevu ufuate mwendo wa kikanyagio, akaufunga mbali na bomba la moshi.

Kisanduku kiliweza kuungwa kwenye koili au kwenye nozeli. Ukikata moto wa plagi, petroli inayoingia haichomeki. Hutoka mbichi, ikaungulia ndani ya bomba la moshi, ikapiga kelele, na kuharibu chujio la moshi lililomo. Vijana wa mijini huipenda kelele hiyo. Ukikata mafuta, hakuna cha kulipuka. Tulimwuliza fundi atachagua kipi, akatutazama kwa mshangao. "Mwalimu," alisema, "hapa mpakani unataka mtu apite akipiga pa! pa! usiku?" Tangu vita vya Kongo vikaribie, na tangu Burundi ifunge mpaka wake na Rwanda Januari 2024, watu wa huku wamejifunza kusikiliza. Aliunga kwenye nozeli.

Ikabaki kujaribu. Juu ya stendi, injini ikiwa imezimwa, taa ndogo ya kisanduku iliwaka kila kikanyagio kilipoinuliwa na haikuwaka kilipokanyagwa. Hapo roho zetu zilitulia. Lakini jaribio la stendi halina uzito, gurudumu lazunguka hewani, na kipimo cha kweli ni barabara. Mzee alipendekeza Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, kwa kuwa magari huwa yamesimama. Tulimkumbusha kwamba magari yamesimama kwa ajili ya umuganda, na Bugarama nzima itakuwa kando ya barabara hiyohiyo na majembe, pamoja na viongozi wake. Tukakubaliana Jumapili alfajiri, watoto wa shule wakiwa bado wamelala.

Mara ya kwanza alikwenda na kurudi akitikisa kichwa mbele na nyuma kila gia ilipoingia, kama mtu anayekubali hoja asizozipenda. Sababu yake ilikuwa wazi. Kifaa kilikuja kimepangwa kwa mtu wa mbio, anayebadili gia injini ikilia kileleni. Gia ya kwanza peke yake ya pikipiki ile yaweza kuifikisha kilometa 100 kwa saa na kuzidi. Mzee hakuwa na nia ya kufika huko akiwa na gia yoyote. Injini inapozunguka polepole vigingi huchelewa kulingana, na kukata kwa muda mfupi huacha gia ikiingia kwa kishindo. Fundi aliongeza muda wa hatua ya kwanza hadi 80, ya pili na ya tatu akaziacha 70, akapanga kisanduku kisifanye kazi kabisa injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Akamwonya pia asipumzishe mguu chini ya kikanyagio, kama ilivyo desturi ya wazee wengi, kwa maana kihisi hakiwezi kutofautisha mguu unaoamuru na mguu uliochoka.

Mara ya tatu mlio ulipanda na kushuka kama ngazi iliyojengwa vizuri. Alirudi, akazima, akavua kofia ngumu, akaukunja mkono wake wa kushoto na kuukunjua mara kadhaa mbele yetu. Hakusema kitu. Alimlipa fundi, na malipo yalizidi mapatano.

Sasa turudi kwenye jina. Mafundi wa huku, kwa kufupisha Kiingereza, wameanza kusema "kwiki," na hatuna nguvu ya kuwazuia. Lakini daftari la fundi lilitaka neno. Tulijaribu "kibadiligia," tukaliacha, kwa sababu gia hubadilishwa na mguu. Tulijaribu "kikatamoto," likawa la uongo katika pikipiki ya mzee, ambamo kinachokatwa ni mafuta. Fundi ndiye aliyetukumbusha kwamba alipotueleza jambo lile kwa mara ya pili alikuwa amesema, "Injini inaipisha gia." Kupisha ni neno la njiani na la mlangoni, mtoto humpisha mzee, lori huipisha pikipiki, na hapa injini yenye nguvu zake zote hujivuta kando mara moja ili gia ipite. Tulipendekeza kipishagia. Lafuata mpango wa ngeli ya ki-vi, kama kipimajoto na kifunguamlango, na wingi wake, vipishagia, hautamsumbua mwanafunzi. Wenzetu wenye neno bora zaidi walete, tutalikaribisha.

Huenda tumechelewa, hata hivyo. Jijini Kigali pikipiki za umeme za Ampersand zilianza kazi mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria jijini huandikishwa za umeme tu. Hizo hazina klachi wala gia. Tulimwambia fundi kwamba siku zikifika Bugarama, nusu ya daftari lake itakuwa historia. Alijibu kwamba cheni zao nazo hukatika, akaendelea kuandika. Katika ukurasa wa kidude kile ameyaweka maneno yote mawili: "kwiki" mstari wa juu, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, "kipishagia (neno la mwalimu)." Tulimwambia kuwa neno ni lake. Hajafuta.